Malisho ya Vichaka vya Asili katika Nchi Kame

Katika nchi kame, yaani maeneo ambayo mvua ni haba, hunyesha kwa msimu mfupi na hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, uhai wa wanyamapori wengi wacheuao hautegemei nyasi bali majani, machipukizi, maua na matunda ya miti na vichaka. Malisho ya aina hii, ambayo katika sura hii yataitwa malisho ya vichaka, ndiyo yanayowalisha ayala wa nyika za Marekani, wale wanyama ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Na kwa kuwa kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja, nafasi yao katika Afrika Mashariki imeshikwa na jamii ya swala, kuanzia digidigi anayefika magotini hadi tandala na pofu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mwenye ardhi, kijiji au hifadhi inayotaka kuwalisha wanyama hao katika ukame haina budi kuanza na mimea iliyozaliwa katika ardhi hiyohiyo, na kwamba mara nyingi kazi kubwa si kupanda bali kuilea mizizi ambayo tayari imo chini ya udongo.

Msingi wa kuielewa hoja hiyo uko tumboni mwa mnyama. Mwaka 1973 R. R. Hofmann, mtaalamu wa anatomia ya wanyama aliyefanya utafiti wake Nairobi, alichapisha kitabu kuhusu matumbo ya wanyamapori wacheuao wa Afrika Mashariki, na ndani yake aliwagawa wanyama hao katika makundi matatu: walao nyasi, kama nyati na nyumbu, wachaguzi wa majani laini, kama digidigi, tandala na twiga, na wale wa katikati, kama swala pala, ambao hula nyasi zikiwa mbichi na kuhamia vichakani zinapokauka. Walao nyasi wana tumbo la kwanza kubwa, lenye vyumba vinavyokizuia chakula kwa muda mrefu ili bakteria wapate kuvunja nyuzi ngumu, ilhali wachaguzi wa majani wana tumbo dogo zaidi kulingana na miili yao, chakula hupita upesi, na tezi zao za mate ni kubwa. Kwa hiyo digidigi aliyefungiwa katika uwanja wa nyasi ndefu zilizokauka hufa njaa huku amezungukwa na kile ambacho ng'ombe angekiita chakula, na mpango wowote wa malisho unaohesabu tani za nyasi peke yake huwa haujamhesabu kabisa.

Kiangazi kinapokolea, protini katika nyasi za nyika nyingi hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho wataalamu wa lishe hukitaja kuwa mpaka wa chini kwa bakteria wa tumbo kufanya kazi yao ipasavyo, na mnyama huanza kukonda hata kama anashiba. Majani ya vichaka vingi hubaki juu ya kiwango hicho kwa sababu mizizi ya vichaka huyafikia maji ya chini ambayo nyasi haziyafikii, na kwa sababu mingi ya migunga, ikiwa ni mimea ya jamii ya kunde, hushirikiana na bakteria wa mizizini wanaoinasa naitrojeni iliyomo hewani. Mgunga unaoitwa kitaalamu Vachellia tortilis, ambao vitabu vya zamani huuita Acacia tortilis, huangusha maganda yake yaliyojipinda wakati wa kiangazi, na maganda hayo hugombewa na swala, mbuzi na tembo kwa pamoja. Mkababu, yaani Faidherbia albida, huenda mbali zaidi, kwani huvua majani yake wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, kinyume cha miti karibu yote inayouzunguka, hivyo kivuli na chakula chake huja hasa pale ambapo kila kitu kingine kimepukutika. Majani haya pia ni chemchemi ya maji: swala twiga, mwenye shingo ndefu na desturi ya kusimama kwa miguu miwili ya nyuma ili kuyafikia matawi ya juu, anaweza kuishi bila kunywa maji kwa muda mrefu mno, akitosheka na unyevu uliomo katika anachokula.

Hata hivyo, mmea nao hujilinda. Mbali na miiba, ambayo humpunguzia mnyama kasi ya kula, miti mingi hutengeneza tanini, yaani kemikali chungu ileile inayotumika kusindika ngozi, ambayo ikiingia tumboni kwa wingi hushikamana na protini na kuifanya isiweze kumeng'enywa. Mnyama aliye huru huikwepa hatari hii kwa kuonja: hula kidogo kwenye kichaka hiki, husogea, hula kidogo kwenye kingine cha aina tofauti, na kwa njia hiyo hakuna sumu moja inayolimbikizana mwilini mwake. Katika miaka ya 1980 mashamba ya wanyamapori ya Transvaal, Afrika Kusini, yalikumbwa na vifo vingi vya tandala wakati wa ukame, nao hawakuonekana kuwa na ugonjwa wowote. Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alieleza kwamba tandala hao, wakiwa wamebanwa na uzio na kuachiwa aina chache tu za miti, walikula majani yaliyojaa tanini hadi uyeyushaji wa chakula ukasimama, ilhali twiga waliokuwa wakitembea kwa uhuru walichagua mti mmoja hapa na mwingine pale na kuendelea na maisha yao. Maelezo yake kuhusu namna miti inavyoongeza tanini inapoliwa yamejadiliwa sana na wanasayansi wenzake, lakini funzo la kilishe limebaki imara, nalo ndilo linalopaswa kutawala upandaji wote wa malisho ya vichaka: aina moja ya mti, hata iwe bora namna gani, si malisho.

Mlusina, unaojulikana kitaalamu kama Leucaena leucocephala, unathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mti huu wa Marekani ya Kati ulisambazwa katika nchi za joto kama malisho ya ajabu, na ni kweli kwamba hukua upesi na majani yake yana protini nyingi. Lakini una kemikali iitwayo mimosini, ambayo huwafanya wanyama wasioizoea wanyonyoke nywele na kuvimba tezi ya shingo. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii waliula bila madhara kwa sababu matumboni mwao waliishi bakteria walioweza kuivunja sumu hiyo, na bakteria hao walipohamishiwa katika mifugo ya Australia tatizo lilipungua sana. Mfugaji anaweza kumnywesha ng'ombe wake bakteria. Tandala wa porini hawezi kutibiwa hivyo. Mnyamapori na mimea ya kwao wamezoeana kwa maelfu ya vizazi, na uzoefu huo haupatikani dukani.

Afrika Mashariki yenyewe imelipa gharama kubwa kwa kuupuuza ukweli huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika tambarare za Marigat karibu na Ziwa Baringo nchini Kenya, kulipandwa mti wa Marekani uitwao Prosopis juliflora, ambao Wakenya wanaujua kwa jina la mathenge, kwa nia njema kabisa ya kuleta kuni, kivuli na malisho mahali palipokuwa pamebaki vumbi. Mti ule ulistawi kupita matarajio. Mifugo ilikula maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu kwa kinyesi chao, kingo za mito na maeneo ya malisho yakafungwa na vichaka vya miiba visivyopitika, na mimea ya asili iliyokuwa ikiwalisha mbuzi na wanyamapori ikasongwa. Maganda yenye sukari nyingi yaliharibu meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wananchi wa Baringo walipokwenda kuishtaki serikali walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe kielelezo cha ushahidi. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari. Mti huohuo umevamia nyanda za Afar nchini Ethiopia na sehemu za Oman, na popote ulipofika jambo la kusikitisha ni kwamba ulipokewa kama jibu la upungufu wa malisho.

Ni vyema msomaji atambue kwamba tatizo hapa si ukoo wa mti bali ni ugeni wake. Huko Ghuba, ndugu yake wa karibu aitwaye ghaf, Prosopis cineraria, ni mti wa asili ambao kwa karne nyingi umewalisha ngamia, mbuzi na paa wa jangwani kwa majani na maganda yake, huku mizizi yake ikishuka chini sana kutafuta maji na kushikilia matuta ya mchanga. Umoja wa Falme za Kiarabu uliutangaza kuwa mti wa taifa mwaka 2008, mwaka uleule ambao Kenya ilimlaani binamu yake. Ghaf hauvamii, kwa kuwa katika ardhi yake wapo wadudu, walaji na washindani wanaoujua tangu zamani.

Uzoefu wa Marekani ya Magharibi, ambako ayala wa nyika kame hutegemea vichaka kuvuka majira ya baridi, unaongeza tahadhari nyingine. Kichaka cha asili kiitwacho Purshia tridentata, kimojawapo cha vyakula vikuu vya ayala hao, kimekuwa kikipandwa upya kwa miongo mingi baada ya moto kuteketeza nyika, na wataalamu wamejifunza kwamba adui mkuu wa mche mchanga si ukame peke yake bali nyasi ya kigeni ya msimu mmoja, Bromus tectorum, ambayo huota mapema, hunyonya unyevu wa udongo kabla ya mche kushusha mizizi, kisha hukauka na kuwa kuni za moto unaofuata. Wamejifunza pia kwamba panya wa porini, ambao hukusanya mbegu za kichaka hicho na kuzifukia kama akiba, huwa wapandaji wakubwa kwa sababu akiba wanayoisahau huchipua kwa makundi. Mpango wa kupanda unaowaua panya wote ili kuokoa mbegu unaweza basi kuwa unajikata mkono.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili, na ambao mwandishi yeyote wa somo hili hana budi kukaa nao, ni ngitili za Wasukuma. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likaachwa lipumzike na kuota nyasi, vichaka na miti, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali ili wanyama walishwe kwa zamu, sehemu baada ya sehemu. Desturi hii ilikuwa imekaribia kufa. Mkoa wao wa Shinyanga ulikuwa umefyekwa misitu yake wakati wa ukoloni ili kuwamaliza mbung'o, yaani nzi waenezao nagana na malale. Kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 ukaziacha ngitili nyingi bila wenyewe, hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa ushirikiano wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600; mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Namna ongezeko hilo lilivyopatikana ni muhimu kuliko idadi yenyewe. Mwanzoni maofisa walitegemea vitalu na ugawaji wa miche, lakini sehemu kubwa ya uoto uliorudi haikupandwa na mtu, bali ilichipua kutoka katika visiki, mizizi na mbegu zilizokuwa zikisubiri udongoni mpaka jembe, moto na kwato viondolewe kwa misimu michache. Ulinzi haukufanywa na askari wa misitu bali na taasisi ambazo watu walikuwa nazo: dagashida, yaani baraza la jadi linalotunga kanuni za kijiji, na sungusungu waliozisimamia, pamoja na faini kwa aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Miti ya asili iliporudi, walirudi pia ndege na wanyamapori ambao hawakuwa wameonekana kwa miaka mingi, ingawa ni haki kutaja kwamba pamoja nao walirudi wanyama waharibifu, na gharama hiyo ilibebwa na wakulima walewale walioilea misitu. Wamaasai nao wana utaratibu unaofanana na huo, ambao Tanzania huitwa alalili na Kenya olopololi, wa kutenga malisho ya akiba, hasa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Ni jambo la kujivunia kwamba elimu hii haikuletwa na mtaalamu kutoka mbali.

Mbinu inayofanana na hiyo, iliyoenezwa nchini Niger na Tony Rinaudo katika miaka ya 1980, inafanywa leo mkoani Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Mwenye shamba hutafuta visiki ambavyo bado vina uhai, huchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kila kisiki, hupogoa mengine, huweka alama ili yasikatwe kwa bahati mbaya, na huyalinda yasiliwe hadi yashike. Kwa ajili ya wanyama walao majani utaratibu huu unahitaji marekebisho kidogo, kwani lengo si kupata mti mrefu wa mbao: baadhi ya visiki huachwa na machipukizi mengi yabaki vichaka, na baadhi ya mashina hukatwa kwa zamu usawa wa goti, ili wakati wote pawepo majani mapya kwenye kimo cha digidigi, kimo cha tandala, na kile cha swala twiga anayesimama.

Pale ambapo visiki vimekwisha kabisa, kupanda hakuepukiki, na hapo ujuzi mdogo huokoa miche mingi. Mbegu za migunga zina ganda gumu lisilopitisha maji, kwa hiyo humwagiwa maji ya moto na kuachwa zilowe usiku kucha. Lakini njia nyepesi ni kuziokota katika zizi la mbuzi, kwa kuwa zimekwisha kulainishwa tumboni. Mbegu zenye vitundu hutupwa, maana zimeliwa na fukusi. Mche wa nchi kame hushusha mzizi mrefu kabla ya kurefuka juu, hivyo ukikaa kitaluni muda mrefu mzizi wake hujikunja ndani ya kiriba na mti hufa katika kiangazi cha kwanza au cha pili, wakati mkulima anaamini kuwa umekwisha kushika. Mara nyingi ni bora kupanda mbegu moja kwa moja mwanzoni mwa mvua, ndani ya makinga maji ya nusu duara yaliyochimbwa kukabili mteremko, na kuzungushia boma la matawi ya miiba.

Uchaguzi wa mimea ufuate kalenda ya njaa, si uzuri wa kitalu. Migunga itoe maganda. Mkole, kichaka cha jamii ya Grewia, utoe majani laini na matunda. Mjunju, yaani Balanites aegyptiaca, ubaki na majani wakati mingine imekauka. Mswaki, Salvadora persica, ulete majani mabichi yenye chumvi kwenye udongo ambao mimea mingi huukataa. Na mkababu uongezwe kandokando ya mito ya msimu. Hata mmea wa asili unaweza kuzidi kiasi: kikulagembe, ambao maganda yake hupendwa na wanyama, hufunga ardhi iliyochoshwa, na unahitaji kupunguzwa kuliko kupandwa.

Lakini hakuna upandaji unaoweza kuishinda hesabu ya vinywa. Mtu akitembelea Richmond Park jijini London, iliyozungushiwa ukuta na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637, ataona matawi ya chini ya miti yamekatika sawasawa kana kwamba yamepimwa kwa kamba, na mstari huo ndio kimo cha juu ambacho ayala wa bustani hiyo hukifikia. Uingereza yenye mvua inaweza kuuvumilia mstari huo. Katika nchi kame mstari kama huo ukionekana kwenye kila mti ni onyo kwamba wanyama wadogo wamebakiwa na kidogo sana, kwa kuwa digidigi hafiki mahali ambapo tandala ameishia.

Hifadhi ya Tsavo nchini Kenya ilionyesha pande zote mbili za hesabu hiyo. Tembo waliosukumwa ndani ya hifadhi na makazi na uwindaji wa nje waliivunja misitu ya vichaka vya Commiphora, na moto ukamalizia, hadi sehemu kubwa ikawa nyika ya nyasi. Pundamilia na choroa wakapata nafasi, tandala wadogo na swala twiga wakapungua, na katika ukame wa 1970 na 1971 takriban tembo 6,000 walikufa kwa kukosa chakula. Baadaye ujangili uliwapunguza tembo kwa kiasi kinachotisha, na Walter Leuthold, aliyewachunguza wanyama walao majani wa Tsavo kwa miaka mingi, alionyesha katika ulinganisho wake wa miaka ya 1970 hadi 1994 kwamba vichaka vilikuwa vimerudi. Hakuna aliyevipanda.

Kwa hiyo viongozi wa vijiji, wamiliki wa mashamba ya wanyamapori na maofisa wa hifadhi za jamii wanaombwa kuanza kwa kutembea ardhini na kuhesabu visiki hai kabla ya kuagiza mbegu yoyote, wafunge sehemu moja kwa misimu mitatu ya mvua na kuona kinachoota, wapande mimea ya asili ya aina nyingi pale tu ambapo hakuna kinachochipua, na wasikubali kupokea bure mche wa mti wa kigeni unaosifiwa kwamba hauuawi na ukame.